Kujifunza Ubaharia Ukiwa Nairobi: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kamba Hadi Tanga

Bwawa la Nairobi, lile linalopakana na Kibera upande mmoja na Lang'ata upande wa pili, lilijengwa mwaka wa 1953, na kwa miaka mingi watu walikuwa wakitweka matanga pale wikendi. Leo gugumaji na taka zimelifunika hadi mgeni akipita anaweza kudhani ni shamba. Nalitaja kwa sababu kila nikisema ninasomea ubaharia hapa mjini, swali la kwanza huwa lile lile: bahari iko wapi? Ni kweli, bahari iko karibu kilomita 500 kutoka hapa. Ila mabaharia wenyewe wako hapa hapa. Kuna wazee wa Lamu na Mombasa waliowafuata watoto wao mjini, wanamaji waliostaafu, na wavuvi wa Mfangano na Rusinga waliokuja kuuza samaki wakabaki. Wanakaa South C, Umoja, Eastleigh, Kayole, na ujuzi wao umelala kwa kukosa wa kuuliza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kufundishwa na watu hao. Nimeupanga kama nilivyopitishwa mimi kwa miaka miwili, chini ya mzee mmoja wa Pate aliyefanya kazi majahazini tangu ujana wake, na mvuvi mmoja wa Ziwa Victoria. Msimamo wangu ni huu: usiyakimbilie maji. Kamba, upepo, hesabu ya maji kupwa na kujaa, na lugha ya chomboni, vyote hufundishika nchi kavu. Aliyevishika kabla ya kupanda chombo hupata kwa siku moja baharini kile ambacho mwenzake hukitafuta mwezi mzima.

Kabla ya yote, ogelea

Mzee wangu alikataa kunishikisha hata kamba mpaka nimwambie naogelea vipi. Nilimjibu naweza kidogo. Akasema, "Kidogo ni kiasi gani, mwanangu? Maji hayapimi kwa kidogo." Basi nilirudi bwawani miezi mitatu.

Kipimo alichonipa ndicho ninachowapa wengine: uelee dakika 10 bila kushika kitu, na uogelee mita 50 ukiwa umevaa suruali na fulana. Omba ruhusa ya mlinzi wa bwawa kwanza, maana mabwawa mengi ya Nairobi hayakubali nguo za kawaida majini. Utashangaa jinsi suruali iliyolowa inavyokuvuta. Kisha mwambie mwenzako akurushie jaketi la kuokoa maisha ukiwa majini, ulivae humo humo na ufunge vishikizo vyote. Ukishindwa bwawani penye utulivu, usitarajie kuweza penye mawimbi. Jaketi linalokufaa ni lile ambalo mtu akikushika mabegani na kulivuta juu halipiti kidevu chako.

Kumpata mwalimu, na kumjua aliye mwalimu kweli

Nenda Gikomba alfajiri, upande wa samaki. Wachuuzi wanajua nani alikuwa mvuvi, nani alikuwa na mashua, nani bado hurudi kwao ziwani kila msimu. Kwa watu wa pwani, uliza rafiki yeyote mwenye asili ya huko. Hakosi ami au babu aliyewahi kuwa baharia. Usiende na orodha ya maswali ya ufundi. Amkia kwanza, "Shikamoo mzee," upokee marahaba yako, ukae, ujieleze wewe ni nani na mtoto wa nani. Usitoe simu kupiga picha siku ya kwanza.

Ukishazoeana naye, muulize jambo moja: siku gani uliianza safari ukairudisha? Baharia wa kweli atakuwa na siku hizo nyingi, na atakueleza aliona nini: wingu gani, upepo uligeuka vipi, mawimbi yalibadilikaje. Anayekwambia hajawahi kurudi nyuma, mshukuru, unywe chai yake, utafute mwingine. Hilo ni kali lakini sitalilegeza, kwa kuwa huyo mtu ndiye utakayempa roho yako.

Mkubaliane malipo mapema. Wengi wetu hudhani mzee atafurahi tu kusikilizwa, na kweli hufurahi, lakini muda wake ni kazi. Mimi hulipa kwa kipindi, na nauli juu ikiwa yeye ndiye anayekuja.

Kuna ugumu mmoja ambao hakuna aliyenionya. Mkono wa mzee unajua zaidi ya mdomo wake. Siku ya kwanza nilimwomba afunge fundo polepole nione. Alipopunguza kasi alikosea. Akalifungua, akakunja uso, akajaribu tena polepole, akakosea tena. Kisha akatazama dirishani, akaanza kunisimulia habari nyingine kabisa, na huku anaongea vidole vikalifunga lenyewe kwa sekunde mbili. Tangu hapo tulikubaliana niwe namrekodi mikono tu kwa simu, halafu naitazama video kwa mwendo wa pole nyumbani. Pia keti ubavuni kwake, bega kwa bega, usiketi mkitazamana. Mkitazamana, kulia kwake ni kushoto kwako, na utajifunza kila kitu kinyume.

Na kila akikuonyesha jambo, muulize: nikikosea hapa, itakuwaje? Majibu ya swali hilo ndiyo yaliyojaza daftari langu.

Kamba

Hapa ndipo nakuomba ukae muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa. Nunua mita 6 za kamba yenye unene wa milimita 8 hadi 10, uikate vipande viwili. Maduka ya vifaa vya ujenzi Kirinyaga Road na Gikomba yanazo. Ile ya buluu au ya manjano iliyo rahisi ni polipropilini: inaelea, jambo zuri kwa kamba ya kumrushia aliyeanguka, lakini inateleza fundoni na jua huila upesi. Nailoni inazama na inanyumbuka ikivutwa, ndiyo maana inafaa kamba ya nanga, maana chombo kikirushwa na wimbi mvuto hauji kwa kishindo. Katani inashika vizuri mkononi lakini inaoza ikikaa na unyevu. Nunua nailoni ya kujifunzia. Choma ncha zake kwa kiberiti zisifumuke.

Mafundo matano yanatosha kwa mwaka wa kwanza. La kwanza na la maana kuliko yote ni kitanzi kisichokaza, kile unachoweza kumpitishia mtu kifuani ukamvuta bila kumbana pumzi. Shika kamba kwa mkono wa kushoto, ncha ikiwa kulia. Dhiraa moja kutoka nchani, fanya kijitanzi kidogo, upande wa ncha ukae juu ya ile kamba ndefu. Sasa ipitishe ncha kutoka chini ya kijitanzi itokeze juu, izungushe nyuma ya kamba ndefu, kisha irudi ndani ya kijitanzi kile kile kutoka juu kwenda chini. Kaza kwa kuvuta kamba ndefu upande mmoja, na ncha pamoja na ubavu wa kitanzi upande mwingine. Acha ncha yenye urefu wa kiganja. Ikiwa fupi itachomoka. Ukifanya sawa, fundo hili linabeba uzito wako wote na bado linafunguka kwa kidole gumba baada ya hapo. Ukilizungusha kijitanzi upande usio wake, fundo lote litasambaratika ukilivuta. Livute kila mara kwa nguvu kabla ya kuliamini.

La pili ni la kufungia chombo gatini au kwenye nguzo: zungusha kamba nguzo mara mbili, kisha ifunge ncha mara mbili juu ya kamba yenyewe. Uzuri wake ni kwamba mizunguko ile miwili inabeba mzigo, nawe unafunga au kufungua bila kupigana na uzito wa chombo. La tatu ni la haraka la kwenye mti au boriti, mizunguko miwili inayovukana, ncha ikilazwa chini ya mvuko. Ni zuri kwa muda mfupi, lakini hulegea chombo kikichezacheza. La nne ni namba nane, la kuzuia ncha ya kamba isipite kwenye kapi. La tano ni la kuunganisha kamba mbili zisizolingana unene: nene ikunje mara moja, nyembamba iingie katikati, iuzunguke mkunjo wote, kisha ijipitishe chini yake yenyewe.

Zoezi lenyewe ni kuyarudia mpaka uchoke nayo. Mimi nilikuwa na kipande cha kamba mfukoni nikipanda matatu ya Lang'ata Road, na foleni ya pale ilinipa muda wa kutosha. Kisha funga ukiwa umefumba macho. Kisha mikono ikiwa na maji na sabuni. Mwisho, funga nyuma ya mgongo. Usiku penye mawimbi hutaona vidole vyako, na hilo ndilo unalojiandalia.

Upepo, kwa chaki na viti vya plastiki

Chukua chaki, chora duara kubwa uani au penye maegesho yaliyo wazi. Simama katikati na utafute upepo kwa masikio: geuza uso polepole mpaka usikie mvumo sawa masikio yote mawili. Unapotazama ndiko upepo unakotoka. Weka alama. Upande unaotoka upepo ni joshini. Upande unakoelekea upepo ni demanini. Neno demani utalikuta pia kama jina la kamba inayoongoza tanga, na kama jina la msimu wa utulivu baada ya kusi. Wazee hawachanganyikiwi, nawe utazoea.

Sasa weka kiti katikati ya duara, ukiite chombo. Hakuna chombo cha tanga kinachokwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Boti ndogo za kisasa zinaweza kuelekea takriban digrii 45 kutoka upepo unakotoka. Jahazi lenye tanga la pembe tatu linahitaji nafasi pana zaidi. Ukitaka kufika kule upepo unakotoka, unakwenda mshazari upande mmoja, kisha mshazari upande wa pili, mpaka ufike. Huko ndiko kubisha. Tembea hivyo juu ya duara, na kila hatua uambie mwenzako tanga limekaa upande gani na demani imevutwa au imeachiwa. Ukienda karibu na upepo, vuta. Upepo ukiwa ubavuni, achia nusu. Ukitoka nyuma, achia tele.

Kwenye jahazi, kugeuka si kama kwenye boti ndogo. Tanga limefungwa kwenye foromali, ile boriti ndefu inayoning'inia mlingotini, na mara nyingi chombo hugeuzwa kwa kuuacha upepo upite tezi, yaani nyuma, huku mabaharia wakiisimamisha foromali na kuizungusha mbele ya mlingoti. Mzee alinionyesha hili kwa mwiko na leso ya mjukuu wake, juu ya meza ya chakula. Mwiko ndio foromali. Nilielewa kwa dakika moja kile ambacho michoro ilinishinda.

Kuhusu nguvu ya upepo, jifunze kuisoma machoni. Kipimo cha Beaufort, kilichobuniwa na ofisa wa jeshi la majini la Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, kinapanda kuanzia 0. Daraja la 4 ni noti 11 hadi 16, na noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Hapo povu jeupe linaonekana mara kwa mara vileleni mwa mawimbi. Mwanafunzi akiona povu limetapakaa kote, anageuza. Kwa misimu, kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili hadi karibu Septemba. Kusi ndiyo inayochafua bahari. Panga safari yako ya kwanza ya pwani wakati wa kaskazi.

Maji kupwa na kujaa

Mtu wa Nairobi huliona hili kama jambo la kutazama kwenye simu. Litazame, lakini lijue hesabu yake, kwa sababu simu hulowa.

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, tofauti huwa ndogo. Mombasa siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne, ndiyo maana wavuvi wa pale wakiutazama mwezi tu wanajua saa ya kutoka.

Maji hayapandi kwa kasi moja. Gawa tofauti ya kupwa na kujaa mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tufanye mfano. Maji yamekupwa saa nne asubuhi, mita 0.4. Yatajaa saa kumi jioni, mita 3.6. Tofauti ni mita 3.2, kila fungu ni karibu sentimita 27. Basi:

saa tano: mita 0.7
saa sita: mita 1.2
saa saba: mita 2.0
saa nane: mita 2.8
saa tisa: mita 3.3
saa kumi: mita 3.6

Sasa tuseme unataka kuvuka mlango wa mwamba ambao ramani inasema hubaki mita 1.0 juu ya maji yakikupwa kabisa, yaani juu ya sifuri ile ile ya vipimo hivyo. Chombo chako kinazama mita 0.8, nawe unataka akiba ya nusu mita. Jumla, mita 2.3. Kati ya saa saba na saa nane maji yanapanda sentimita 80, kwa hiyo 2.3 itafika kama saa saba na dakika 22. Mzee angesubiri saa saba unusu, na angevuka maji yakiwa bado yanapanda, asivuke yakiwa yanashuka. Ukikwama maji yakipanda, yatakunyanyua. Ukikwama yakishuka, utakaa pale mpaka usiku, chombo kimelala ubavu.

Fanya hesabu hizi 20 mezani kabla ya kwenda. Tumia majedwali ya kweli ya Mombasa au Lamu, ubadilishe kina cha chombo kila mara. Na ukipiga nanga, kumbuka kina utakachokuwa nacho maji yakijaa, kisha uachie kamba mara 5 hadi 7 ya kina hicho. Wazee hupima kwa pima: urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8. Jipime wako kwa futi ya fundi ili ujue tofauti.

Dira

Hapa sitakawia. Nunua dira ndogo ya kawaida, nenda Karura au Uhuru Park, utembee kwa digrii ulizopangiwa na mwenzako, uone unatokea wapi. Iweke mbali na simu na chuma. Maili moja ya baharini ni mita 1,852, nayo ni dakika moja ya latitudo. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini. Mombasa digrii 4 na dakika 3. Tofauti ni digrii 2 na dakika 46, yaani maili 166 za baharini kwenda kusini. Ukiifanya hesabu hiyo mwenyewe mara moja kwenye ramani ya ukutani, latitudo haitakuwa tena neno la darasani.

Sheria za njiani nazo uzikariri. Vyombo viwili vya injini vikikabiliana, kila kimoja hugeukia kulia. Usiku, taa nyekundu iko kushoto, ya kijani kulia. Vyombo viwili vya tanga vikikutana na upepo umewapiga pande tofauti, anayepigwa na upepo upande wa kushoto ndiye anayempisha mwenzake. Redio ya VHF, chaneli 16 ndiyo ya dharura: Mayday mara tatu, jina la chombo, mahali mlipo, shida yenu, idadi ya watu. Lijaribu kwa sauti ukiwa nyumbani. Utaona unavyosahau idadi ya watu.

Maji ya kwanza: Naivasha

Naivasha ni karibu kilomita 90 kutoka mjini, na unaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ondoka alfajiri. Asubuhi ziwa hutulia. Mchana upepo huamka na mawimbi yake ni mafupi, yenye fujo. Uwe umetoka majini kabla ya saa saba. Kaa mbali na mafunjo, kwani ndiko viboko wanakopenda.

Nenda na mwalimu wako, mkodi boti yenye mwendeshaji, na umwambie wazi kwamba mnakuja kujifunza. Kabla ya kupanda, kagua mwenyewe: jaketi kwa kila mtu na limevaliwa, makasia mawili, nanga na kamba, kopo la kufulia maji, yaani kuyatoa yakiingia botini, na petroli. Nasema haya kwa uchungu. Safari yetu ya tatu tulichelewa, tukapanda boti moja kwa haraka bila kukagua, tukiwa watano. Saa nane upepo ulikuwa umeamka, injini ikazima. Mwendeshaji alivuta kamba ya injini mpaka mkono ukamtoka malengelenge. Makasia hayakuwepo. Nanga haikuwepo. Boti ikajigeuza ubavu kwa mawimbi, maji yakaanza kuingia, na upepo ukatusukuma kuelekea kwenye mafunjo, ambako tuliwaona viboko wanne.

Mzee hakupaza sauti. Alituambia tukae chini sakafuni, katikati. Akachukua ndoo ya plastiki, akafunga mpini wake kwa kile kitanzi kisichokaza, akafunga ncha ya pili omo, mbele kabisa, akaitupa ndoo majini. Ndoo ikajaa, ikazama kidogo, ikaanza kuvuta. Taratibu boti ikageuka, ikakabili mawimbi kwa pua. Maji yakaacha kuingia. Bado tulikuwa tunasukumwa, lakini polepole, na tulipata muda wa kuwapungia shati wavuvi waliokuwa mbali wakaja kutuvuta. Kamba ile ilikuwa yangu, ya kufanyia mazoezi kwenye matatu. Sijasafiri bila ndoo na mita 10 za kamba tangu siku hiyo, na huwa nakagua boti hata nikichekwa.

Mazoezi ya Naivasha ni haya. Piga makasia kwenda mbele na kurudi nyuma kwa mstari. Shika usukani: ukisukuma kana, ule mkono wa usukani, kulia, chombo huenda kushoto, lifanye mpaka usifikirie tena. Simamisha chombo ubavuni mwa chupa inayoelea. Kisha zoezi la aliyeanguka: tupa jaketi tupu majini, piga kelele, rusha boya. Mtu mmoja anyooshe kidole kwa jaketi wala asiliondolee macho hata mara moja. Kichwa cha mtu ndani ya mawimbi kinapotea kwa kupepesa jicho. Rudi polepole, zima injini kabla ya kumgusa, umpandishe kwa upande ulio chini huku wengine wakiegemea upande wa pili. Na chombo kikipinduka, kishike, usikiache. Chombo kilichopinduka kinaonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu.

Uzito nao ufundishwe hapa. Aprili 29, 1994, kivuko kilichojaa kupita kiasi kilipinduka Mtongwe, Mombasa, umbali mfupi tu kutoka ukingoni, wakafa watu 272. Mwombe mwalimu awahamishe watu wawili tu kutoka katikati hadi ubavuni, uone jinsi boti ndogo inavyolala.

Pwani

Sasa panda treni ya Mombasa pale Syokimau. Kwa tanga la kwanza napendekeza hori la Kilifi, kwa kuwa ni maji yaliyokingwa, au Lamu, ambako bado utaona majahazi na mashua yakifanya kazi kila siku, na mafundi wa Matondoni wakiunda vyombo kwa mkono. Mwalimu wako wa Nairobi atakuwa na mtu wa kumpigia simu. Usiende bila salamu zake.

Safari ya kwanza, usiombe usukani. Msemo unasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na ngama ndiyo pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Kazi yako ni hapo: kufua maji kwa kopo, bila kungoja kuambiwa. Vua viatu. Uliza wapi pa kukaa, kwani chombo kikigeuka foromali na demani vinapita kwa nguvu, na aliyekaa pasipo pake huvunjwa taya. Ukiitwa kushika henza, ile kamba ya kutwekea tanga, vuta kwa mgongo na miguu pamoja na wenzako, kwa wimbo wao. Usijizungushie kamba mkononi hata siku moja. Ukisikia "Tua!" tanga linashushwa mara hiyo, maswali baadaye.

Siku ya pili au ya tatu nahodha atakuita ushike kana mwenyewe. Chagua kitu cha mbali nchi kavu, mnazi au mnara, ukielekeze chombo huko, na usogeze kana kidogo kidogo. Wanafunzi wengi husukuma mno, chombo kikaenda kama nyoka. Sikiliza tanga: likianza kupigapiga upande wa mbele umeukaribia upepo mno, rudi kidogo.

Ukiona unataka kuifanya iwe kazi, njia ya vyeti iko Mombasa. Bandari Maritime Academy inafundisha, na KMA (Kenya Maritime Authority) ndiyo mamlaka ya serikali inayosimamia usalama wa vyombo na mabaharia. Ukitaka kazi ya meli kubwa utahitaji mafunzo ya msingi ya usalama chini ya STCW, mkataba wa kimataifa wa 1978 kuhusu mafunzo na vyeti vya mabaharia: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wako na wa wenzako kazini.

Kila jioni andika daftarini: saa mliyotoka, upepo ulitoka wapi na ulibadilika saa ngapi, maji yalijaa na kupwa lini, ulikosea nini, nani alikurekebisha. Ukirudi Nairobi lipeleke kwa mzee pamoja na halua au samaki mkavu, umsomee. Kamba zilizoonja chumvi uziloweke kwenye maji ya bomba usiku kucha, uzianike kivulini, usizikunje mpaka zikauke.